Mpuliza Filimbi na Majirani Zake

Keti katika kijiwe chochote cha kahawa nchini mwetu, uliza ni nani waliofunga mabao ya Yanga pale Nyamagana, Mwanza, tarehe 10 Agosti 1974. Utajibiwa kabla hujamaliza swali: Gibson Sembuli na Sunday Manara. Uliza nani aliitesa Yanga mwaka 1977, Simba iliposhinda mabao 6 kwa bila. Utatajiwa Abdallah Kibadeni na mabao yake matatu, na pengine mzee mmoja atasimama kukuonyesha jinsi mguu ulivyokwenda. Sasa uliza ni nani aliyepuliza filimbi siku hizo mbili. Kijiwe kitanyamaza. Mtu aliyekimbia dakika zote, akatoa maamuzi zaidi ya mia mbele ya umati uliokuwa tayari kumrarua, hakumbukwi na mtu. Na akikumbukwa, basi ujue alikosea.

Nimefanya kazi ya ualimu kwa miaka karibu arobaini, sehemu kubwa nikiwa mwalimu mkuu, kwanza upande wa Ngorongoro na baadaye Karatu. Katika miaka hiyo nimeishi jirani na waamuzi wa soka, maana wengi wao walikuwa walimu wenzangu. Nimeona kazi yao uwanjani, na nimeona pia yale yasiyoonekana na watazamaji, yaani maisha ya mwamuzi siku ya Jumatatu, anaporudi kuishi na watu aliowaamua Jumapili. Juu ya hayo ndipo ninapotaka kumchukua msomaji, kwa kuwa naamini uzito wa kazi hii uko hapo, kuliko katika zile dakika tisini.

Kwanza tuangalie kazi hii ilikotoka. Sheria za soka zilipoandikwa London mwaka 1863, mwamuzi hakuwamo. Iliaminika kwamba waungwana wakigombana, manahodha wao watasuluhisha. Haukupita muda mrefu waungwana wakaonekana kuwa ni binadamu kama sisi, na wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Kila timu ikaweka mwangalizi wake. Waangalizi hao nao waliposhindwa kuelewana, akatafutwa mtu wa tatu, akawekwa nje ya uwanja, apelekewe shauri. Hiyo ndiyo asili ya neno refarii, ambalo sisi tumelifupisha tukaita refa: mtu anayepelekewa shauri. Mwaka 1891 mtu huyo akatolewa nje ya mstari na kuingizwa katikati ya uwanja, wale waangalizi wawili wakasogezwa pembeni wakawa washika vibendera. Tangu mwaka 1996 wanaitwa waamuzi wasaidizi, ingawa kwetu vijijini bado ni washika vibendera.

Kwa watu wa Karatu na Ngorongoro, mtu wa kupelekewa shauri si jambo geni. Wairaki wana mabaraza ya wazee tangu enzi, na mtu aliyekaidi uamuzi wa baraza aliweza kutengwa na majirani wote. Wamasai wana laigwanani, kiongozi wa rika anayesema kwa niaba ya wenzake na kusuluhisha ugomvi, naye hubeba rungu jeusi kama alama ya heshima aliyopewa. Kwa hiyo mpira ulipokuja kwetu, tukauelewa haraka. Kilichokuwa kigeni ni kasi yake. Mzee wa baraza anaweza kusikiliza shauri siku tatu, akalala nalo, akaamua. Mwamuzi wa soka hupewa nukta moja, na uamuzi wake haulali.

Mpira wenyewe ulipanda nyanda zetu kwa njia tatu: mashamba ya kahawa ya walowezi kule Oldeani, misheni, na shule. Ulipofika wakati wa vijiji katika miaka ya 1970, kila kijiji kilitaka kuwa na timu, na baada ya mpango wa elimu kwa wote wa mwaka 1977 karibu kila kijiji kikawa na shule, na penye shule pakawa na uwanja. Uwanja nauita hivyo kwa heshima tu. Mara nyingi ulikuwa ni uwanda wa udongo mwekundu wenye mteremko upande mmoja, magoli ya miti ya mkaratusi, na mistari ya majivu ambayo upepo wa Karatu uliipeperusha kabla ya mapumziko. Na aliyejua sheria za mchezo alikuwa mwalimu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kitabu.

Hapa niingize jambo linalonifurahisha kama mwalimu mstaafu. Uamuzi wa soka duniani umejengwa kwa sehemu kubwa na walimu. Stanley Rous, Mwingereza aliyeziandika upya sheria za mchezo mwaka 1938, na ambaye alikuwa rais wa FIFA kuanzia 1961 hadi 1974, alikuwa mwalimu wa shule na mwamuzi. Yeye ndiye aliyeeneza utaratibu wa mwamuzi kukimbia kwa mshazari, kutoka pembe moja ya uwanja hadi nyingine, ili mpira uwe kati yake na msaidizi wake. Na Ken Aston, aliyebuni kadi ya njano na nyekundu, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Alipata wazo hilo akiendesha gari mjini London, aliposimama kwenye taa za barabarani, naye alikuwa akifikiria ugomvi wa mechi ya Uingereza na Argentina ya mwaka 1966, ambamo nahodha wa Argentina alitolewa kwa maneno tu na kukawa na mtafaruku mkubwa. Kadi zilianza kutumika katika Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970. Karatu hatukuwa na taa ya barabarani hata moja, lakini kadi tulizielewa. Mwenzangu mmoja alizikata kutoka kwenye majalada ya madaftari, akazipaka nta ya mshumaa zisilowe.

Mwenzangu huyo ndiye nitakayemzungumzia zaidi. Jina lake silitaji, maana bado yu hai na hakunituma. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa Karatu, mwembamba, mwenye pumzi nyingi. Pumzi hapa kwetu si jambo la kushangaza. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, amezaliwa Karatu. John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 huku mguu wake umefungwa bandeji, ni wa Mbulu, jirani kabisa. Mwenzangu hakuwa na mbio za kushindana na watu hao, lakini mwamuzi hahitaji kuwa wa kwanza. Mwamuzi hukimbia kilometa 10 hadi 12 katika mechi moja, mara mbele, mara nyuma, mara kwa upande, na kila asimamapo lazima akili iwe imetulia ya kutosha kuamua. Mkimbiaji akichoka hushindwa peke yake, lakini mwamuzi akichoka hushindisha na wengine wasiostahili.

Ngazi ya kupanda ilikuwa inajulikana. Unaanza na mechi za shule na vijiji. Kisha unakwenda kozi, unafanya mtihani wa sheria 17, unapimwa mbio, unapewa daraja la tatu. Baadaye daraja la pili, halafu la kwanza, na juu kabisa kuna beji ya FIFA, inayotolewa kwa wachache wanaopendekezwa na chama cha soka cha nchi, yaani FAT ya zamani, ambayo tangu mwaka 2004 inaitwa TFF. Kipimo cha mbio cha wakati ule kilikuwa ni kukimbia dakika 12, na mwamuzi wa kiwango cha juu alitakiwa kufikisha mita 2700. Siku hizi kipimo ni kigumu zaidi, maana kinafuata mwendo wa mchezo wenyewe. Kwanza mbio fupi sita za mita 40, kisha mita 75 za kukimbia na 25 za kutembea, hivyo hivyo mara 40, na muda unahesabiwa.

Mwalimu alikwenda Arusha kufanya mtihani wake kwa lori la mazao, maana wakati huo hapakuwa na lami kutoka Makuyuni kuja kwetu. Lami ilifika mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa Japani. Alipimwa mbio katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, akafaulu, akarudi siku ya tatu akiwa na vumbi hadi kwenye kope, na asubuhi iliyofuata alikuwa darasani. Cheti chake alikiweka pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto.

Kijijini sheria zilikuwa hazifiki kwa wakati. Mwaka 1992 ilipopitishwa kwamba kipa asidake kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa makusudi na mwenzake kwa mguu, habari hiyo ilichukua muda kufika kwetu, na ilipofika karibu ilete vita. Makipa waliona wamenyang'anywa haki yao. Mwalimu hakungoja ugomvi utokee uwanjani. Aliwaita manahodha na wazee wa timu darasani, akatandaza punje za mahindi juu ya dawati kuwa timu moja, maharage kuwa timu ya pili, na kunde moja kuwa mpira. Akaeleza kurudisha mpira, kisha akaeleza kuotea, jambo ambalo hata wachezaji wengi wa leo hawalijui vizuri. Nilisimama dirishani nikasikiliza. Sijapata kuona somo la hesabu lililosikilizwa namna ile.

Filimbi nayo ilikuwa na mambo yake. Ile ya zamani, aina ya Acme Thunderer iliyotoka Birmingham tangu karne ya 19, ina kipira kidogo ndani kinachozunguka na kutoa ule mlio wa kutetemeka. Vumbi la Karatu likiingia, kipira hukwama, filimbi hutoa hewa tupu. Jambo hili halikuwa la kwetu tu. Mwamuzi mmoja wa mpira wa kikapu wa Kanada, Ron Foxcroft, alipatwa na mkasa kama huo katika Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976, na hatimaye akatengeneza filimbi isiyo na kipira, Fox 40, iliyoanza kuuzwa mwaka 1987. Mwalimu hakuwa na uwezo wa kuipata hiyo. Yeye aliweka filimbi yake mdomoni kila baada ya dakika chache akaipuliza polepole bila mlio, kutoa vumbi. Watoto wa shule walidhani anasali.

Nikiwa bado upande wa Ngorongoro nilimwalika mara kadhaa kuja kuchezesha mechi za vijana. Safari yenyewe ilikuwa mtihani. Ukitoka Karatu, mji ulio kwenye kimo cha kama mita 1500, unapanda msituni hadi ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2200, kwenye ukungu na baridi, halafu unateremka kuelekea Endulen. Uwanjani ilibidi kwanza kuangalia kama nyati hawajalala upande wa goli. Katika mechi mojawapo vijana wa timu moja walikataa bao, wakamzunguka, na wengine walikuwa na fimbo. Mwalimu hakurudi nyuma wala hakusogea mbele. Alisimama, akakunja mikono. Ndipo mzee mmoja, laigwanani wa rika la baba zao, akaingia uwanjani taratibu na rungu lake, akawauliza vijana ni nani aliyemwita mgeni huyu aje kuamua. Wakasema ni sisi. Akauliza tena: mmemwita aamue, au mmemwita akubali? Vijana wakarudi kwenye nafasi zao. Swali hilo limebaki nami kwa miaka mingi, na nimelitumia katika vikao vya walimu zaidi ya mara moja.

Sasa nije kwenye kiini cha ufundi wenyewe. Watu hudhani mwamuzi mzuri ni mwenye macho makali. Mwalimu alikuwa akisema macho ni ya tatu. La kwanza ni miguu, la pili ni mahali pa kusimama. Mtu akimlalamikia juu ya uamuzi, hakubishana. Aliuliza swali moja tu: "Ndugu yangu, wewe ulikuwa umesimama wapi?" Mlalamikaji alikuwa amesimama chini ya mti, mita themanini kutoka kwenye tukio, au nyuma ya goli la timu yake. Mahali ulipo ndipo panapokupa unachokiona, na mwenye timu daima amesimama mahali pabaya.

Hata walio bora duniani wameponzwa na mahali pa kusimama. Ali Bennaceur wa Tunisia alichezesha mechi ya Argentina na Uingereza katika Kombe la Dunia la mwaka 1986. Maradona aliruka na kipa, akaupiga mpira kwa mkono, bao likakubaliwa. Bennaceur hakuona mkono, akamtazama msaidizi wake, Bogdan Dochev wa Bulgaria, naye hakuinua kibendera. Kwa bao hilo jina lake limesemwa vibaya ulimwenguni kote. Lakini dakika chache baadaye, katika mechi hiyo hiyo, Maradona aliwatoka Waingereza mmoja baada ya mwingine kuanzia nusu yake ya uwanja, wakajaribu kumwangusha njiani, na mwamuzi huyo huyo hakupuliza. Aliacha mchezo uendelee, na dunia ikapata bao linalosifiwa kuliko yote. Kwa lile la mkono analaumiwa hadi leo, na kwa hili la pili hakuna aliyemshukuru, isipokuwa pengine Maradona mwenyewe, ambaye mwaka 2015 alikwenda kumtembelea nyumbani kwake Tunisia na kumpa jezi. Baada ya miaka 12, Mwafrika mwingine, Said Belqola wa Morocco, alichezesha fainali ya Kombe la Dunia la 1998 kati ya Ufaransa na Brazil, wa kwanza kutoka bara letu. Alifariki mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 45. Ni wangapi miongoni mwetu wanaolikumbuka jina lake? Alichezesha vizuri, na kwa hiyo akasahauliwa.

Nimesema kwamba uzito wa kazi hii uko siku ya Jumatatu. Nieleze.

Mwaka 1988 ilichezwa fainali ya mashindano ya tarafa, kati ya timu ya kijiji ambacho mimi na Mwalimu tulikuwa tukifundisha, na timu ya vibarua wa mashamba ya kahawa. Mwamuzi aliyepangwa hakufika. Timu zote mbili, nasisitiza zote mbili, zikamwomba Mwalimu achezeshe. Hao wa mashambani walijua anaishi kijijini kwetu, wakasema hawana wasiwasi naye. Zawadi ilikuwa fahali. Mchezo ukaenda bila bao hadi dakika za mwisho, ndipo mpira wa wageni ulipokuwa ukiingia golini na beki wetu, kijana aliyepata kuwa mwanafunzi wa Mwalimu, akauzuia kwa mkono kwenye mstari. Wengi wetu hatukuona. Mwalimu alikuwa hatua tano kutoka hapo. Akapuliza, akaonyesha mahali pa penalti. Fahali akaenda mashambani.

Hakuna aliyempiga, wala hakuna aliyemtukana hadharani. Kwetu adhabu haitolewi hivyo. Masika yalipoanza, Mwalimu alikuwa na plau na maksai wawili, na udongo wetu mzito hutaka wanne. Kila mwaka jirani alimwazima wake wawili, naye akalima shamba la jirani kwa zamu. Mwaka ule jirani alisema maksai wake wamechoka. Jirani wa pili akasema wake wana kidonda shingoni. Wa tatu hakusema kitu, alifunga zizi. Mwalimu na mkewe na watoto wao wakalima ekari tatu kwa jembe la mkono, wakipanda mbegu kwa kuchelewa, na mavuno yalikuwa haba. Katika kikao cha wazazi wakatokea waliotaka nimwandikie barua ya uhamisho. Niliwaambia kwamba barua ya uhamisho huandikwa kwa kosa la kazi, na wakinionyesha kosa lake la kazi nitaiandika usiku huo huo. Hawakulionyesha.

Hali hiyo ilidumu mwaka mzima na kitu. Kisha ukazuka ugomvi wa mpaka kati ya nyumba mbili za kijiji hicho, mmojawapo akiwa ni yule wa maksai wenye kidonda. Jiwe la mpaka lilikuwa limesogea, au limesogezwa, na kila mmoja alikuwa na mashahidi wake. Balozi wa nyumba kumi akashindwa. Siku moja jioni nikawaona wenye nyumba hizo mbili wakiongozana kwenda kwa Mwalimu, kila mmoja akiwa na fimbo yake, hawazungumzi. Walikwenda kumwomba aje apime, na walikubaliana kabla ya kuondoka nyumbani kwamba watakachoambiwa watakifuata. Alipima kwa kamba, mbele ya watu, kwa hesabu alizoziandika juu ya mchanga ili kila mtu aone. Mpaka huo upo hadi leo. Msimu uliofuata maksai walipona.

Mtu anaweza kuisimulia habari hii kama ushindi, nami nimesikia ikisimuliwa hivyo. Lakini siku moja nyumbani kwake nikaisifu mbele ya mkewe, naye akaendelea kupeta mahindi, akasema bila kuniangalia, "Mpaka wao umepimwa, Mwalimu Mkuu. Mgongo wangu nani ataupima?" Sikuwa na jibu, na sijalipata. Haki aliyoitoa mumewe kwa nukta moja uwanjani, mama huyu aliilipia kwa jembe msimu mzima. Tunapowasifu waamuzi waaminifu, tukumbuke kwamba uaminifu wao una nyumba inayoula, na mara nyingi haikuulizwa.

Kwa sababu hiyo nakataa kuzungumzia rushwa katika soka kana kwamba ni suala la tabia njema peke yake. Tabia ni ya lazima. Mwalimu hakula chakula cha timu yoyote kabla ya mchezo. Alibeba viazi vyake vya kuchemsha katika kopo, na akilazwa ugenini alipendelea madawati ya darasa kuliko kitanda cha kiongozi wa klabu. Lakini posho yake mara nyingi ilikuwa soda na ahadi ya nauli. Magazeti yetu yameandika mara nyingi juu ya waamuzi wa ligi zetu kudai malipo yaliyochelewa. Uingereza iliwafanya waamuzi wake wa juu kuwa wa kulipwa mishahara ya kudumu mwaka 2001. Kwetu mwamuzi aghalabu ni mwalimu, askari au mfanyabiashara mdogo, anayeomba ruhusa kazini ili akaamue mchezo wa watu wanaolipwa mara nyingi kuliko yeye. Mwaka 2018, kabla ya Kombe la Dunia la Urusi, mwamuzi msaidizi mmoja wa Kenya, naye pia ni mwalimu, aliondolewa katika orodha baada ya uchunguzi wa siri wa mwandishi wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, kumwonyesha akipokea dola 600. Siandiki hili ili kumtetea. Aliyeshika filimbi akipokea bahasha amewaibia wote waliolipa kiingilio. Lakini niliposikia kiasi kile nilihuzunika mara mbili: kwa alichokifanya, na kwa jinsi ilivyokuwa rahisi kumnunua mtu aliyepanda ngazi yote ile.

Yapo pia ya kutia moyo. Mwezi Februari 2016, Jonesia Rukyaa wa Kagera alichezesha mechi ya ligi ya Simba na Yanga, ile mechi ambayo wanaume wazima huiogopa. Yanga ilishinda 2 kwa bila, na nchi haikuanguka. Januari 2022, Salima Mukansanga wa Rwanda, aliyesomea uuguzi na ukunga, akawa mwanamke wa kwanza kuchezesha katikati mechi ya fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, kati ya Zimbabwe na Guinea, na mwishoni mwa mwaka huo alikuwa miongoni mwa wanawake watatu waliochaguliwa kuwa waamuzi wa kati katika Kombe la Dunia la Qatar. Na miongoni mwa waamuzi wetu wanaoaminiwa kwa mechi kubwa sasa yumo Ahmed Arajiga wa Manyara, mkoa ambao zamani ulikuwa sehemu ya Arusha yetu. Vijana wa Karatu wanamtazama kwenye runinga na kusema, huyu ni wa hapo jirani.

Mwalimu mwenyewe hakufika huko. Aliishia daraja la pili. Kozi ya daraja la kwanza ilipotangazwa, nauli na malazi vilikuwa vya kujitegemea, na mwaka huo alikuwa na watoto wawili wanaoingia sekondari. Akachagua ada. Miaka iliyofuata goti likaamua mengine. Alichezesha kwa zaidi ya miaka 25, na kama aliumia kwa kutopanda, hakuniambia.

Mwaka 2023 CAF ilizipa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, na Arusha imeanza kujengewa uwanja mkubwa. Siku hizi uamuzi mkubwa huangaliwa tena kwenye video, kama ilivyofanyika katika Kombe la Dunia tangu 2018, na baadhi ya watu wanasema mashine itamaliza ubishi. Mimi sidhani. Kamera nazo zimesimama mahali fulani, na mwisho wake ni mtu anayekwenda kutazama, kisha anarudi uwanjani kuinua mkono wake mbele ya watu. Tutaendelea kumhitaji mtu huyo, kwenye uwanja wa zege na kwenye uwanja wa udongo mwekundu.

Ombi langu kwa msomaji ni dogo. Katika kijiji chako au mtaa wako yuko kijana, au binti, ambaye Jumapili huvaa nguo nyeusi iliyopauka na kwenda kuchezesha bila malipo ya maana. Mlipe nauli yake kabla mchezo haujaanza, siyo baada ya kujua nani ameshinda. Usimkaribishe chakula siku ya mechi, mkaribishe siku nyingine. Na akiamua dhidi ya timu yako, na mvua zikanyesha, mwazime maksai.